Kimya cha Chumba cha Watoto

Watoto wa Mwajabu walikuwa hawataki kulala. Kila akizima taa, Shomari na dada yake Riziki waligeuza kitanda uwanja wa ngoma, na mama wa watu kashinda kutwa kwa miguu. Jioni hiyo subira ikamwishia.

"Mnamsikia huyo dirishani?" aliwaambia. "Ni Mzee wa Gunia. Atakayetoa sauti, anaondoka naye."

"Hata akicheka kidogo tu?" Riziki aliuliza.

"Hata akiita mama."

Wakanywea. Mwajabu akaosha vyombo kwa raha, akakunja nguo, akamshukuru Mungu kwa kile kimya. Akasahau kwamba mtoto akinyamaza ghafla huchunguliwa.

Alipoingia kuwafunika, Shomari alikuwa amelala fofofo. Riziki alikuwa macho, ameuma shuka, jasho linamtiririka. Mkono wake mmoja ulikuwa umevimba mpaka kiwikoni, na kando ya mto alitulia nge.

Mwajabu alimkung'utia nge chini, akamponda kwa kandambili. "Mwanangu, mbona hukuniita?"

Mtoto alitazama dirishani.

Akambeba kifuani, akatoka naye mbio hadi kwa jirani yao mwenye pikipiki, awakimbize zahanati. Akakuta mlango umefungwa, taa zimezimwa. Mwajabu akavuta pumzi apige yowe la kumwamsha. Riziki akainua ule mkono usiovimba, akamziba mama yake mdomo.