Mzizi Usiooshwa

Bi Mwanne huosha mizizi yake yote kabla ya kuileta sokoni Kariakoo, maana udongo husema dawa imechimbwa wapi. Leo kanipa mmoja ambao haujaoshwa.

"Kila ukija unaniuliza mzizi huu unatoka wapi. Haya, ona mwenyewe."

Udongo ulikuwa mwekundu kama kutu, umeganda kwenye vinyuzi vya mzizi. Nikautambua. Huku pwani ni kilima kimoja tu chenye udongo ule.

Mimi kazi yangu ni utafiti wa mimea. Mti huu ulikuwa bado haujapewa jina la Kilatini, na desturi yetu, nikamweleza, ni kuuita kwa jina la mahali unapoota.

"Hilo jina watalisoma kina nani?" akauliza.

"Dunia nzima."

"Hata wafanyabiashara wenye malori? Sisi tunachimba upande mmoja, tunafukia, mti unapona. Wao watang'oa wote."

Simu ikaita. Alikuwa mwenzangu wa chuoni, ninayeandika naye makala.

"Umeupata ule mti? Unaota wapi?"

Pembeni ya meza palikuwa na ndoo ya maji. Nikautumbukiza mzizi humo, nikausugua kwa kidole gumba mpaka ukawa mweupe.

"Andika *kariakooensis*."

"Acha utani! Kariakoo kunaota nini zaidi ya maghorofa?"

"Nimeukuta hapa. Andika hivyo hivyo."

Bi Mwanne aliinua ndoo, akayamwaga yale maji mekundu mtaroni.