Sikudhani Anaulizwa

Kila mwaka mnyama aliyestaafu sarakasi huulizwa kama anataka kuendelea kuishi na mtu aliyemfundisha. Akikataa, anachukuliwa siku hiyohiyo. Mimi nimezunguka na mahema miaka arobaini, na sasa nimebaki na simba jike mmoja, Sikudhani, anayelala jikoni kwangu hapa Morogoro, karibu na pipa la unga.

Asubuhi mkaguzi akaja, binti mcheshi.

“Shikamoo, mzee. Mbona huketi? Unazunguka kama wewe ndiye uliyefungiwa!”

“Marahaba. Uliza, mwanangu, tumalize.”

Akaiwasha kola ya shingoni mwa Sikudhani, inayotafsiri kati ya mnyama na mtu. “Sikudhani, unataka kubaki?”

Sikudhani akatikisa kichwa. “Ndiyo,” kola ikasema.

Mkaguzi akatoa muhuri. Hapo ndipo nilipoona kidole changu kiko juu. Enzi za sarakasi nilikuwa nikikiinua hivyo, Sikudhani anatikisa kichwa kukubali, watu wanapiga makofi. Sikumbuki kukiinua leo.

Ningeweza kunyamaza.

“Muulize tena,” nikasema, nikaketi, nikaikalia mikono yote miwili.

Akauliza. Sikudhani aliitafuta mikono yangu, akaikosa, akaanza kunitazama usoni, akingoja.