Nani Anamaliza Betri?

Gari lilikohoa mara moja, likanyamaza. Mama akazungusha ufunguo tena. Tik. Taa za dashibodi zikafifia kama macho ya mgonjwa.

"Limekufa tena," alisema binti yake, begi la chuo begani. Hakuonyesha kusikitika hata kidogo, na hilo ndilo lililomkosesha Mama raha.

"Si mumwite fundi," Bibi alisema kutoka barazani, bila kuinua macho kwenye ushonaji wake. Bibi ndiye aliyemzaa Mama. Alihamia pale baada ya kufiwa na mumewe.

Wenye mabinti, hapa tegeni sikio. Fundi mwenyewe alikuwa mjane, mvi kichwa kizima, gereji yake ipo kona ya mtaa. Siku hiyo alikuja na shati lililopigwa pasi. Sasa nani anapiga pasi shati la kushikia grisi? Mama aliliona, akaliweka moyoni. Binti yake alikuwa amebakiza mtihani wa mwisho wa uuguzi, na Mama alishaapa kwamba hakuna mwanamume atakayekanyaga pale kabla ya cheti.

Fundi alisugua vichwa vya betri, akakaza nyaya, akaazima moto kwenye betri aliyokuja nayo. Injini ikaunguruma. Akaweka mita ya kupimia umeme.

"Alteneta inachaji vizuri, na betri ni nzima," alisema. "Moto unaingia, ila gari likilala kuna kitu kinaunyonya. Itabidi nirudi kesho."

"Kesho tena?"

"Ugonjwa wa umeme hautaki haraka, mama."

Mara binti akatoka na kikombe cha chai, tena kwenye sahani, kile kikombe cha wageni. Mama alimvutia jikoni.

"Hiyo chai ya nini?"

"Nimetumwa tu, mama."

"Umetumwa na shetani. Ingia ndani ukasome."

Kesho yake betri ilikuwa maiti. Fundi akaja, na safari hii ananukia manukato mpaka paka akapiga chafya. Akaitia betri moto tena, akachomoa fyuzi moja moja, jicho kwenye mita, akitafuta panapovuja. Hapakuvuja popote. Akafunga boneti taratibu.

"Waya hazina kosa," alisema. "Kuna mtu anawasha taa jioni injini ikiwa imezimwa, anaziacha mpaka zififie, ndipo anazima. Ugonjwa huu una mikono." Akacheka peke yake.

Mama hakucheka. Kikulacho ki nguoni mwako. Alichukua funguo zilizokuwa zikining'inia sebuleni, akampelekea Bibi.

"Kaa nazo wewe, mama. Humu ndani mtu mwenye akili timamu umebaki peke yako."

"Lete," Bibi alisema, akazitia kifuani. "Humu hazitoki."

Mama hakuishia hapo. Tangu jua linazama alimganda binti yake kama kupe. Binti akienda kuoga, Mama yuko mlangoni na taulo. Wakalala kitanda kimoja, mguu wa Mama juu ya mguu wa mwanawe, kama mtu aliyefunga mbuzi.

"Mama, mguu wako mzito."

"Utauzoea."

Asubuhi akachukua funguo kwa Bibi, akaingia garini kwa madaha, akazungusha ufunguo. Tik.

Hapo kila kitu kikamfungukia. Kama binti hakuondoka kitandani, basi mwenye mikono ni fundi mwenyewe. Akamsubiri getini. Fundi alipotokea, shati jeupe na kofia mpya, Mama hakungoja hata salamu.

"Mtu mzima hovyo wewe. Unatuulia betri upate sababu ya kuja kumkodolea macho mwanangu. Mtoto wa shule yule. Na mvi zako zote hizo huoni haya?"

Majirani wakaanza kutoa vichwa.

"Mama, binti yako mimi namwona mjukuu," fundi alisema, akivua kofia.

"Mjukuu wa wapi? Katafute wa rika lako."

"Nimeshampata," fundi alijibu kwa upole.

Dirisha la chumba cha Bibi likafunguka.

"Mwanangu," Bibi alisema, "ukimaliza kupiga kelele, mwamkie baba yako. Ndoa ni Ijumaa."