Kofia Kumi na Mbili

Haya alinieleza Hénock, dereva wa kombi, mwezi wa pili mwaka 2019, tumekaa kwenye ngazi za ghorofa letu pale Hillbrow, mtaa uliojaa sisi wageni, tukingoja umeme urudi. Alieleza mara moja tu, na hakutaka kuulizwa.

"Kofia!" aliita Mama Léocadie mlangoni mwa kombi, kikapu mkononi.

Ilikuwa asubuhi, siku ya pili ya Noeli, na watoto wa kanisa walikuwa wanapelekwa bwawani, upande wa milima ya Magalies. Walipanda mmoja mmoja, kila mmoja akitupa kofia yake ya njano kikapuni. Mama Léocadie ni fundi wa kushona, kofia hizo alizishona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia kilichobaki. Walipokwisha kukaa, akahesabu kofia. Kumi na mbili.

"Mama Léo, si utuhesabu sisi wenyewe?" aliuliza Héritière, msichana wa miaka kumi, mdomo wake hauna breki.

"Nyamaza. Kwetu Fizi mtoto hanyoshewi kidole akahesabiwa. Unamwitia kifo."

"Kwa hiyo ife kofia?"

Kombi nzima ikacheka, hata Hénock. Mama Léocadie hakucheka. Mwaka uliotangulia kanisa jingine lilirudi kutoka bwawa hilohilo limepungua mtoto mmoja. Asubuhi hiyo, mama mmoja alipomkabidhi mwanawe, alimwambia wazi: "Wangu akibaki kule, na wewe baki kulekule."

Bwawani watu walijaa. Hénock aliegesha kombi kivulini, akaacha mlango wazi ili viti visiwaunguze watoto. Kiti cha nyuma kilikuwa cha mizigo: sufuria, mablanketi, na mataulo yaliyozidi kurundikana kadiri watoto walivyotoka majini. Watoto walipanda farasi wadogo, wakala tikiti maji, wakala nyama aliyochoma Hénock. Maji waliruhusiwa mwisho magotini. Mama Léocadie alikaa ukingoni juu ya kreti, kandambili mkononi, na aliyevuka magoti aliitwa kwa jina la baba yake.

Saa nane mchana ukasikika ukelele.

Mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani alikuwa anakimbia ukingoni, viatu viwili vidogo mkononi. Alikuwa amevikuta kando ya maji, vimepangwa vizuri. Binti yake wa miaka mitatu hakuonekana. Wanaume wakajitupa majini na nguo zao. Waliibuka, wakazama, wakaibuka tena mikono mitupu. Mwanamke yule akakaa kwenye tope, akawa anayapiga maji kwa viganja.

Mama Léocadie aliinuka kumwendea. Hénock akamshika mkono.

"Usiende, mama."

"Papa Hénock, yule ni mzazi."

"Siku hizi mji mzima unasema kombi nyeupe zinaiba watoto, na wageni ndio wanaolaumiwa. Yetu rangi gani? Tukifungua mdomo tu, watajua hatukuzaliwa hapa."

Tayari watu wawili waliowasikia wakisema Kiswahili walikuwa wamegeuka kuwatazama.

Mama Léocadie akawakusanya watoto kwa kuwavuta mashati. "Kofia!" Kofia zikaanguka kikapuni, nyingine zikidondosha maji. Alizihesabu, akazimwaga mapajani, akazihesabu tena. Kumi na mbili.

"Wote wapo. Asante, Yesu, si wetu," alisema kwa sauti. Kisha akaona haya, akafunika uso kwa mtandio. Hénock akaondoa gari.

Njiani hakuna aliyeimba. Kabla ya kuingia mjini polisi waliwasimamisha. Askari alitazama karatasi za Hénock, kisha akaingiza kichwa dirishani.

"Watoto wangapi?"

Mkono wake ulikuwa umeshainuka, kidole mbele.

"Kumi na wawili!" alijibu Mama Léocadie upesi, akikiziba kidole kile kwa kikapu. "Kofia hizi hapa, baba, angalia mwenyewe."

Askari alizitazama kofia, akamtazama na yeye, akatikisa kichwa. "Eish. Endeni."

Hillbrow waliwagawa watoto mlango kwa mlango, jua bado lipo. Yule mama mkali alimpapasa mwanawe kichwa, mabega, hadi vidole. "Haya," alisema. "Nilikuwa sijala tangu asubuhi." Mwisho kabisa alishuka Héritière.

"Umeona?" alisema. "Wala kofia haikufa."

Hapo ndipo Mama Léocadie alipocheka, mara ya kwanza siku ile. Aliegemea kombi akacheka mpaka machozi, kisha akalia kidogo kwa ajili ya yule mwenzake aliyebaki kwenye tope. "Kesho kwenye maombi tumtaje," alimwambia Hénock. "Hata kama jina lake hatulijui."

Hénock alikuwa anatazama juu. Kwenye roshani za ghorofa la mbele watu walikuwa wamejaa, wanapunga upepo, na wengine walikuwa wanaiangalia kombi.

"Tushushe mizigo, mama. Upesi."

Mama Léocadie alipanda hadi kiti cha nyuma. Alitoa sufuria, akatoa mablanketi. Alipovuta taulo la juu, taulo halikuja. Alivuta tena. Kitu kililirudisha chini.

Hénock akainua pembe ya taulo.

Mtoto wa miaka kama mitatu, miguu mitupu, alifungua macho. Akawatazama wote wawili, akamuulizia mama yake kwa Kizulu. Hakungoja jibu. Alijivutia taulo hadi shavuni, akalala tena.