Tundu la Kwenye Kiini

Ilibaki mashine moja tu, ya wodi ya wazazi, na fundi alikataa kuigusa.

"Kuna mama amejifungua sasa hivi," alisema, macho kwenye skrini. "Muuguzi anaandika habari za mtoto. Nikiizima niiwashe upya, maskini ataanza mwanzo."

"Na wale wengine wakiingia?" mumewe aliuliza. Wote wawili walikuwa mafundi, wakigawana meza ya kulia chakula, kila mmoja na kompyuta yake. "Wamebisha mara tatu tangu asubuhi."

"Wangoje. Mtoto hajapata hata jina, baba watoto."

Tundu walilolitafuta lilikuwa kwenye kiini cha mfumo, kule chini kabisa ambako kompyuta hupokelea amri zake zote. Aliyelijua angepita humo akawa bwana wa mashine nzima. Kiraka cha kuliziba kilitolewa wiki mbili nyuma, na barua ya kuwahimiza wakuu wa hospitali wakiweke ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Barua imekaa tu," mumewe alisema. "Watu hawa nadhani hata nyumbani hulala mlango wazi."

Mkewe hakucheka. Siku tano alikuwa amehangaika na mashine hizi, arobaini na moja kwa jumla. Kiraka hakishiki mpaka mashine iwashwe upya, basi alizivizia mojamoja: ya maabara mpimaji alipotoka kupumzika, ya chumba cha dawa foleni ilipokwisha. Hakuna mgonjwa aliyecheleweshwa, hakuna muuguzi aliyekuta skrini nyeusi.

Wale wengine aliwajua kwa kazi zao. Hospitali waliyoingia kabla ya hii walifuta kila kitu kwa fujo tu, hata orodha ya damu ya akiba. Wakimtangulia hapa, jasho lake lote limekwenda na maji.

"Mara ya nne," mumewe alisema. "Safari hii wameliona tundu. Mke wangu, nakuomba."

Kwenye skrini muuguzi aliandika uzito wa mtoto, akafuta, akaandika tena. Akahifadhi.

Fundi akabonyeza. Mashine ikazimika. Ikawaka. Kiraka kimeshika. Wale wa nje wakagonga, wakagonga tena, kisha wakaenda zao.

Mumewe alimshika bega. "Pole na kazi, mama. Mwingine asingemngoja yule muuguzi."

"Nami nilizaa," alijibu.

Akajipangusa jasho, akafungua ukurasa mpya kuwaandikia wakuu wa hospitali.

"Hamtujui," aliandika. "Tuliingia kwenu Jumamosi. Mafaili yote ya wagonjwa wenu tumeyafunga sasa hivi, na hakuna mwingine duniani anayeweza kuyafungua ila sisi. Mkilipa, tutayafungua."