Cheti cha Tatu

"Dada, vua hiyo ovaroli, picha tumeshapiga," afisa wa mgodi alimwambia mchomeleaji, akimkabidhi cheti cha mafunzo yaleyale kwa mwaka wa tatu.

"Na kazi je?"

"Nyie wenyeji mna haraka kama mnafukuzwa."

"Tulishafukuzwa, bosi. Umesimama kwenye shamba la mama yangu."

"Ubia wetu na kijiji bado mchanga. Mwakani tutawafundisha tena."

Mchomeleaji alitabasamu. Wageni wa heshima walikuwa bado ndani ya uzio wa mgodi, wanakunywa soda. Aliburuta mashine ya kuchomelea ya maonyesho hadi nje ya geti, akalifunga, akashusha kinyago.

"Shangazi, unafanya nini?" mlinzi aliuliza.

"Mtihani wa vitendo, baba," alisema, cheche za kwanza zikiruka kwenye komeo.