Sahihi Saba

Felista alifukuzwa kazi saa mbili asubuhi, kwa maneno aliyoyasema jana yake jioni mbele ya wenzake saba tu, mlango umefungwa.

Na alisema nini? Kwamba mtu hawezi kubeba mifuko ya sukari ya kilo hamsini tangu asubuhi hadi jioni, halafu aambiwe duka halina toroli. Wajiunge na chama cha wafanyakazi, tajiri abanwe, mzigo mzito ubebwe na watu wawili. Toroli, jamani, si helikopta. Kwa hilo akatolewa nje kama mwizi, na kiuno chake kibovu.

Pendo alianza naye kazi siku moja katika duka hilo la jumla, Singida mjini. Siku mwenzake alipofukuzwa, alishikwa na hasira.

Aliyemzidi kwa hasira alikuwa Chrispin. Huyu alihamishiwa kwao mwezi huohuo kutoka duka la tajiri la Ikungi, mgongo ukiwa umeshaharibika kulekule, ndiyo maana alikalishwa mlangoni kukagua risiti.

"Mimi nimeshamalizwa," aliwaambia. "Hata kamba za viatu nafungiwa na mke wangu. Nyie mnasubiri nini?"

Maneno yakawaingia. Jumapili wote saba walikutana nyumbani kwa Pendo, na Mama Lea, katibu wa chama, akaja na fomu. Kila mmoja alisaini na kuandika panapomuuma: kiuno, bega, goti, kiuno, kiuno, shingo, na Chrispin: mgongo, siwezi kuinama. Mama Lea alisoma hadi mwisho, uso umemkunjamana.

"Hii siyo ajira, mnauawa polepole," alisema. "Sasa sikilizeni. Tajiri akiyaona majina haya kabla ya barua ya chama, mtafukuzwa mmoja mmoja kama mwenzenu. Akishaipokea barua, sheria inawalinda, hawagusi. Fomu atakaa nayo mwakilishi wenu, akusanye sahihi za wale wa stoo. Mmemchagua nani?"

"Chrispin," Pendo alisema wa kwanza, na wengine wakaitikia.

Mama Lea aliponyoosha mkono kumpa fomu, kalamu ilimponyoka ikaviringika chini ya meza. Mtu mzima haachwi ainame mbele ya vijana. Wote wakaanza kunyanyuka, huyu kashika kiuno, yule kaegemea ukuta, Pendo akiuma meno.

Chrispin alikwishainama. Alizama chini ya meza, akaibuka na kalamu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Wenzake waliganda hivyohivyo, hawajakaa wala hawajasimama.

"Ahsante, baba," alisema Mama Lea, akiirudisha fomu mkobani. "Kamwambie tajiri wako, barua nitamletea mwenyewe kesho asubuhi."